Mke Mwenza wa Chuma

Shoga, nimetoka kwa Bibi Mwahija sasa hivi, sijielewi!

Kumbe enzi za Mwingereza babu alikuwa fundi mitambo kwenye shamba la mkonge, Lindi. Bibi akaona mafuta yake ya nywele yanaisha, na mume usingizini anaita "Martina". Akamfuata kazini akawafumanie.

Kamkuta anapaka CHUMA mafuta ya nazi! Chuma, shoga! Martina ni mtambo wa mvuke!

Babu wala hakushtuka: "Tazama, mke wangu. Hauna pistoni ya kwenda na kurudi. Mvuke unasukuma gurudumu, linazunguka tu. Likikwaruza kidogo, najua linaumia wapi."

Bibi mpaka leo analalamika: "Nilipokuwa na mimba ya mama yako, hata siku moja hakuniuliza naumwa wapi!"