Mgeni Rasmi na Mazishi ya Shangazi

Kamachumu, 1 Septemba 1988

Mgeni rasmi wa Siku ya Mashujaa amekuja saa sita badala ya saa tatu, halafu yeye ndiye akakasirika watu walipoondoka katikati ya hotuba. "Mnakwenda wapi? Waheshimuni waliokufa vitani."

Bibi mmoja akamjibu kwa Kihaya, "Mwanangu, hao wameshazikwa. Wa leo wanatungoja."

Diwani akatafsiri: "Anakushukuru, ndugu mgeni rasmi."

Mama naye aliinuka, akaniita kwa mkono. Shangazi Koku, aliyekufa juzi kwa silimu, huo ukimwi, alikuwa anazikwa Ijumbi saa nane. Nikaona aibu kutoka kwenye mstari wa kwaya mbele ya macho yote yale. Nikabaki kumwimbia yule mjinga.

Nilipofika Ijumbi wanaume walikuwa wanaosha majembe. Mama aliniuliza tu, "Mmeimba vizuri?"