Dramu za marehemu nimezinyoosha

Ndugu yangu, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Zile dramu za marehemu kaka, alizorekodi hapa sebuleni kabla hajalazwa. Leo nilikuwa naziwekea gitaa. Halikai! Dramu kule, gitaa huku.

Nikasema ni yeye tu, si unajua alivyokuwa anachelewa kupiga? Si ndiyo maana tulimwita Kesho? Nikabonyeza kile kitufe cha kompyuta cha kunyoosha mapigo, kila pigo likaingia kwa wakati wake. Nikahifadhi kwenye faili lile lile. Lile lile, bwana! Nakala nyingine sina.

Na gitaa bado halikai.

Kumbe kompyuta ndiyo iliyokuwa inachelewesha gitaa langu. Nimebadilisha namba moja kwenye mipangilio, likakaa. Dramu hazikuwa na kosa lolote.

Mke wa marehemu akapita na beseni la nguo, akasimama.

"Nani huyo anapiga?"

"Si ni mumeo!"

Akasikiliza mpaka mwisho. "Shemeji, huyo mimi simjui."

Simjui! Akaenda zake kuanika.

Usinipigie, siwezi kuongea. Wewe tafuta tu kwenye simu yako, kipande chochote cha mazoezi, hata kibovu, ambamo amechelewa.