Kumbikumbi Ndani ya Bwawa la Nasimiyu

Baba Wafula, mume wangu,

Kabla hujaketi kusoma hii barua, kwanza niambie kama umekula. Chai si chakula, nimekuambia tangu tuoane. Mgongo unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa ama bado anatuchezea? Na uvae miwani, usikunje uso halafu useme mwandiko ni mbaya. Mwandiko ni wa mkwe wako Nasimiyu, na ni mzuri. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu kwa simu wewe unapiga tu kelele "hallo, hallo" mpaka mtu anachoka.

Mimi ni mzima kabisa. Ile kazi ya jicho ilienda vizuri. Daktari alitoa kitambaa, nikaona uso wa mtoto wetu, nikamwambia, "Wafula, kumbe umezeeka hivi." Daktari akacheka kuliko yeye. Nilikuja Kitale kwa wiki mbili na sasa ni mwezi wa pili. Watu wanasema kutoka hapo Kibabii si mbali, ni safari ya asubuhi tu. Lakini mtu aliyezoea kukusikia ukikohoa nyuma ya nyumba, kwake huku ni mbali. Nasimiyu amesimamisha kalamu hapo, ati anaona haya kumwandikia baba mkwe maneno kama hayo. Nimemwambia aandike, hata yeye alizaliwa na watu waliopendana.

Sasa sikiza. Unakumbuka Nasimiyu alikuwa akifundisha watoto kuogelea kwa ile shule iliyofungwa. Tangu hapo amekaa nyumbani mwaka mzima, kimya, na wewe unajua yeye si mtu wa kukaa kimya. Nyuma ya hii nyumba wanayokodi kuna bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba alilichimba, akaliwekea vigae vya buluu, akahamia kwingine. Upande mmoja maji yanafika magotini, upande mwingine yanammeza Wafula na kofia yake. Nasimiyu aliomba ruhusa afungue darasa lake hapo, akapewa. Akaalika akina mama watano waje Jumamosi saa tisa mchana waangalie. Wakipenda, walete watoto. Wasipopenda, hakuna darasa, anarudi kwa kimya chake. Alikuwa hali chakula vizuri kwa kufikiria hiyo Jumamosi.

Nikaenda na jicho langu jipya kuyaona hayo maji. Baba Wafula, yalikuwa yamejaa wenyeji. Kulikuwa na vidudu vyeusi vinapiga miguu kama mtu anayepiga kasia, vingine vikubwa vinaogelea chali na vinauma, nyuki waliozama, panzi, na vyura wawili wamekaa kwa ngazi kama wao ndio wanaolipa kodi. Nasimiyu alikuwa akivitoa na wavu kila asubuhi, kesho yake vimerudi. Sasa alitaka kumwaga dawa ya maji nyingi mpaka vife vyote.

Nikamuuliza, "Hivi vidudu vinakula nini?"

"Mama, ni wadudu tu, wanakuja."

"Hakuna mdudu anakaa mahali pa njaa. Wewe ungekaa?"

Nikapitisha kidole kwa ukuta chini ya maji, kikatoka na utelezi wa kijani. Nikamwonyesha. Vile vidogo vinakula huo utelezi, vile vinavyouma vinakula vile vidogo, na chura anakula kila mtu. Tulisugua kuta kwa brashi ya mpini mrefu siku mbili, mpaka mabega yakalia. Yeye akaweka dawa kwa kipimo chake, si zaidi. Taa iliyoning'inia juu ya maji Wafula akaihamisha mpaka kwa lango, wadudu wa kupenda taa wakacheze huko. Nyuki niliwawekea karai la maji lenye mawe karibu na maua, maana nyuki ana kiu tu, hana ubaya na mtu. Vyura nikawabeba kwa ndoo mpaka mtaroni, kwa sababu Nasimiyu anaogopa chura. Mtu wa kupiga mbizi, anaogopa chura. Ananiambia nisikuambie hiyo. Andika, mama.

Kufika Ijumaa maji yalikuwa safi, unahesabu vigae vya chini kimoja kimoja. Nasimiyu aliimba akifua nguo. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu nije.

Alfajiri ya Jumamosi ikanyesha mvua, halafu jua likatoka kali. Nasimiyu akaniambia, "Mama, leo tafadhali usiguse maji." Na sikugusa. Lakini nyuma ya ua kuna kichuguu, na wewe unajua mvua ya namna hiyo na jua la namna hiyo vinafanya nini kwa mikono yangu. Nikaona wale askari wenye vichwa vyekundu wameanza kutoboa matundu. Nikasema, kumbikumbi wako mlangoni, nitawaachaje? Wageni ni saa tisa, mimi saa nane nitakuwa nimemaliza. Nikachimba shimo, nikaweka sufuria ndani, nikafunika kichuguu kwa blanketi, nikaacha mdomo upande wa mwangaza. Nikatafuta kigogo kikavu na vijiti viwili, nikaketi, nikaanza kupiga polepole kama matone ya mvua, vile mama yangu alinifundisha.

Walitoka, bwana. Walitoka kama maharagwe yanayomwagwa kutoka guniani. Sufuria ikajaa. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilikuwa nimenogewa, nikaongeza na wimbo. Na blanketi lenyewe ni haya mepesi ya siku hizi, upepo kidogo tu likainuka. Wakapaa wote kwa pamoja, wakapita juu ya ua. Na ng'ambo ya ua ni nini kinang'aa kwa jua kuliko kitu chochote? Ni yale maji niliyosugua mwenyewe.

Nilipofika, buluu yote ilikuwa imekwisha. Mabawa matupu, na kumbikumbi wanajipindapinda. Nasimiyu amesimama pale na nguo yake ya kuogelea na filimbi shingoni, machozi yanashuka, na kwa lango tayari kuna sauti za wageni. Hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliniuma.

Wale mama waliingia na watoto wao, wakasimama. Wa mbele alikuwa Mama Chebet, mtu wa Saboti, mrefu, viatu vya kisigino, mkono umeshika binti yake mdogo. Huyo mtoto alianguka mtoni mwaka jana, tangu siku hiyo hata kuoshwa kichwa analia.

Mama Chebet akasema, "Mwalimu, hapa ndipo watoto wataogelea?"

Sikungoja Nasimiyu ajibu. Nikasema mimi. "Jana maji haya ungeweza kuyanywa. Makosa ni yangu, mimi mkwewe. Nimepigia kumbikumbi ngoma wakatoka wengi kunishinda."

Akanitazama. "Ulipigia kwa kigogo ama kwa debe?"

"Kigogo."

"Ndiyo sababu. Kigogo kinawatoa wote." Akavua viatu. "Wavu uko wapi?"

Nakuambia walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakakunja nguo, wakashika vikapu, sinia, chujio la chai. Nikawaonya, hao wa majini msile, wamekunywa dawa, wa kula wako kwa sufuria yangu. Watoto nao hawakungoja kuitwa. Nasimiyu alifuta uso, akaingia majini, akajiweka pale kina kinapoanza, hivi kwamba hakuna mtoto anampita. Alikuwa akiwaita kwa majina ambayo alikuwa ameyasikia mara moja tu. Yule binti wa Mama Chebet alianza kwa kuchota kutoka ukingoni. Halafu kidato cha kwanza cha ngazi. Halafu cha pili. Kumbikumbi mmoja akaenda mbali kidogo, mtoto akamfuata, maji yakamfika kiunoni, na Nasimiyu akamshika chini ya kwapa, akamwacha aendelee kuchota.

Mama yake aliona. Aliweka chujio chini, akashika mdomo kwa mkono. Maji yalipokuwa safi tena, akamuuliza Nasimiyu, "Mnaanza lini?"

"Jumatano, saa kumi."

"Huyu mwandike wa kwanza."

Wameandikwa saba. Walikula kumbikumbi wa kukaanga kwa ugali, wakanimalizia. Usiku nilimsikia Nasimiyu akimsimulia Wafula yote kutoka mwanzo, kwa sauti kubwa, akirudia.

Kwa hivyo sitarudi mwezi huu. Jumatano nina kazi: nashika wavu asubuhi, nasugua kuta, na watoto wakija nakaa kwa kiti nikihesabu vichwa. Usinung'unike, nami nakutamani. Nasimiyu ameandika hiyo bila kusimamisha kalamu, anaendelea vizuri.

Msalimie wifi yangu Nekesa anayekuangalia, na jirani Mama Simiyu anayetukamulia, na kakangu Barasa wa kwaya, aache kuvuta sauti mwisho wa wimbo. Dereva wa maziwa atakupa mkebe. Ni kumbikumbi niliokufichia wewe peke yako. Ule, na usigawe.

Ni mimi mke wako, Naliaka. Hili doa chini ni kidole changu, kina mafuta, nilikuwa nikifunga mkebe.