Sauti ya Ma Kemilembe wa Kishanda

Mama yangu, shikamoo. Mvua ya Muleba imenizuia hapa posta, basi nakuandikia.

Unajua shahada hii ya uzamili ilinileta kuuliza watu redio za nje zinawaletea nini. Jana huko Kishanda nilifika kwa Ma Kemilembe, mjane wa rika lako. Tangu UKIMWI umuue mumewe, majirani hawakuwa wakila tena kwake. Nilipomaliza maswali yangu akaitazama rekoda. "Hiyo inasikia Kizungu tu, au hata mimi naweza kusema?"

Nikaweka kaseti mpya. Akaeleza alivyomwogesha mumewe, alivyomlisha kwa kijiko, na jinsi inavyouma kupika chakula kisicho na mlaji. Kisha akaniomba niipige uani kwa sauti kubwa. Nilisita, nikihofia majirani watamcheka, lakini nikaipiga.

Wanawake waliokuwa wakitoka shamba wakasimama migombani, wakasogea, wakaingia. Kaseti ikaisha. Jirani yake wa karibu akajifuta machozi, akasema, "Kemilembe, nina njaa."

Akaletewa ebitooke, zile ndizi zao za kupika, na maharage. Akanawa, akala, na wenzake wakanawa pia.

Mama, vitabu vyangu vyote vinahusu sauti zinazotoka mbali. Nimemwandikia mwalimu wangu kuwa nataka kubadili mada.

Najua ulinikanya nisile kwa watu huku. Nilikula, tena nikaongezewa.

Mungu akulinde, na wadogo zangu uwakumbatie kwa niaba yangu.

Mwanao, Zawadi