Mjukuu Ameiga Pasi, Akaiga na Babu

Mpendwa mshauri, nisaidie, na kama ni kucheka basi cheka upesi umalize, maana mke wangu hajamaliza mpaka leo. Mimi ni dobi, shule niliishia pale hesabu zilipoanza kuingiza herufi, lakini shati nikilipiga pasi hata inzi akitua anateleza. Mjukuu wangu ni msichana mkubwa, ana ulemavu wa akili, ukimweleza jambo kwa maneno marefu linapotea njiani ila akiliona kwa macho halimtoki, basi mwalimu wake wa ufundi akaja na simu akanirekodi nikipiga pasi, ili binti atazame video na kufuatisha, na kweli akafuatisha, tena kwenye kola ananishinda.

Tatizo amefuatisha yote. Mimi dobi wa zamani, nguo naitia unyevu kwa kuipulizia maji ya mdomoni, pfuuu, kisha pale ilipovimba naiambia, "Lala chini, kitambi," halafu najikuna tako la kushoto, ndiyo mazoea yangu. Juzi kaenda kujaribiwa kwenye hoteli inayotafuta mpiga pasi, bosi akavua koti lake jeupe akampa, mjukuu akajaza mdomo, pfuuu, akasema, "Lala chini, kitambi," akajikuna. Na bosi mwenyewe anacho kitambi! Kasema arudi Jumatatu, akirudia mambo yale kazi hana.

Nimemnunulia chupa ya kunyunyizia maji, anaisukuma: "Babu wa kwenye simu hana hiyo." Namwambia babu huyo ndiye mimi, ananijibu, "Wewe muongo. Yule anajua kazi." Bibi yake anataka turekodi upya, lakini mimi na mvi hizi nishike kichupa kama kinyozi, majirani wanione?

Babu Pasi

Mzee wangu, pole. Sasa tema hayo maji unisikilize. Unaona haya kushika kichupa, huoni haya binti akose kazi kwa mate yako? Mjukuu wako kujifunza anajua sana; mlimpa wewe mzima mzima, naye akakubeba mzima mzima. Kosa ni lako na huyo mwalimu.

Mwite leo. Video ile ifuteni, binti asije akabaki na mababu wawili wanaobishana. Rekodini vipande vifupi: kunyunyizia peke yake, kola peke yake, mkono wa shati peke yake. Simu ikae nyuma ya bega lako, aione meza kama atakavyoiona akisimama yeye, na ionekane mikono tu. Kipande kikiisha asimamishe, afanye, ndipo aendelee. Akitaka kirudiwe, kirudie bila kununa. Na usiongee. Najua utaongea, kwa hiyo zimeni sauti.

Lakini mikono iwe yako, si ya mwalimu. Huyo wa kwenye simu ndiye anayemwamini.

Jumatatu mwache aingie na kichupa chake. Wewe baki nje ya geti, ujikune utakavyo.