Mwangaluka ya Saa Nane Mchana

Mpendwa Kabula,

Nimemaliza kidato cha nne, lakini bado nikikaa kwenye benchi lolote naacha nafasi yako upande wa ukutani.

Unaukumbuka mfupa? Lile taya la ng'ombe lenye kamba ya katani. Aliyenaswa akiongea Kisukuma au Kiswahili alilivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Siku niliponaswa mimi, kwa kumsalimia mpishi, ulinivua mwenyewe. "Lete huku. Wewe una kashingo ka kwale, katavunjika. Yangu nene." Hukumnasa mtu. Ulikaa nalo wiki nzima, ukisema angalau linakufukuzia nzi.

Kisha ikaja siku ya baiolojia. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza kwa nini ng'ombe hucheua. Ukanyoosha mkono, ukalieleza tumbo lote kwa Kiswahili, sehemu kwa sehemu, mpaka wavulana wakaacha kucheka. "Kwa Kiingereza," alisema. Ukasimama tu. Akakuvika mfupa wa ng'ombe kwa kosa la kumjua ng'ombe. Mtihani wa kidato cha pili ulipokuangusha ukaenda kwa shangazi yako kule Mwanhuzi, na shule ikaandika kwamba wewe ni mtoro.

Juzi tuliitwa ukumbini Bariadi, kwenye mjadala wa usawa katika shule za umma. Mgeni rasmi alivaa suti kamili katika joto lile. Akatusalimia, "Mwangaluka!" Saa nane mchana, Kabula. Salamu ya asubuhi. Ukumbi ukapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, eti mkubwa amejishusha akaongea Kisukuma. Neno moja alilolijua alilikosea, akashangiliwa. Wewe hukukosea kitu, ukavikwa mfupa. Huo ndio usawa wao, na sina jina la adabu la kuuita.

Alisema wanawe wanasoma shule ya kulipia tangu chekechea. Halafu akatueleza sisi kwa nini tunafeli: tunapenda mno kilugha chetu. Mkuu wetu wa shule aliitikia kwa kichwa mpaka nikaihurumia shingo yake.

Wakati wa maswali nilinyoosha mkono. Mimi, niliyekuwa nakutuma wewe uniombee ruhusa ya kwenda chooni. "Jieleze kwa Kiingereza, binti, usiogope," akasema mgeni. Nikajibu, "Mwadila, baba," ambayo ndiyo salamu ya mchana, kisha nikamuuliza kwa Kisukuma: ule mfupa wa shuleni, leo tumvike nani? Watu wa nyuma walicheka. Yeye akamgeukia mkuu wa shule amtafsirie. Mkuu, Msukuma mzaliwa wa Nkololo, akasema hakusikia vizuri.

Walifunga mjadala kwa kutangaza kwamba waliokatisha masomo wanakaribishwa kurudi. Mlango uko wazi, walisema. Ni kweli uko wazi, na nyuma yake mfupa umetundikwa kwenye msumari uleule. Niliuona nilipokwenda kuchukua cheti changu cha kuhitimu. Natamani urudi, sitakudanganya. Lakini sitakuwepo kukaa nawe, wala kukuvua. Kwa hiyo nakuuliza tu kabla hujafungasha: shingo yako bado nene?

Upande wa ukutani ni wako daima,

Mwenzako wa dawati