Mama Yuko Hai Kizota, Kwenye Tovuti Yangu Ni Marehemu

Mpendwa Shangazi Zipora, shikamoo. Naomba msaada wako upesi, na kabla sijaanza naomba usinihukumu mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu jambo lenyewe ukilisikia juujuu linaweza kuonekana baya, lakini naamini ukilielewa vizuri utaona ni suala la kutoelewana tu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, naitwa Abdulnasiri, nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, kwetu asili ni Kondoa ila wazazi walihamia mjini zamani, na mama yangu, Bi Mwanahawa, ana mashine ya kukamua alizeti kule Kizota, jirani na mafundi wa kuchomelea mageti, baba yeye ni dereva wa lori, nyumbani huonekana mara mojamoja. Mwaka huu darasani tulipewa kazi, kila mwanafunzi atengeneze tovuti yake binafsi ya kujitambulisha, aweke picha, aeleze yeye ni nani na anajua nini, na mimi nikaandika ukweli mtupu, kwamba naitwa fulani, nasoma kompyuta, napenda mpira, mama yangu anauza mafuta ya alizeti. Nikamwonyesha Eliakimu, ninayekaa naye chumba kimoja hosteli, akaisoma huku anapiga miayo, akaniambia, "Kaka, hii ni tovuti au fomu ya kitambulisho? Haina stori. Watu wanataka mtu aliyetoka mbali."

Sasa Shangazi, mimi sikutoka mbali, nimetoka Kizota, ni bodaboda moja tu kutoka chuoni. Ndipo nikakaa nikaandika upya, kwa Kiingereza, kwamba nilizaliwa kijijini Chemba, kwamba mama alifariki nikiwa na miaka saba, kwamba nilichunga mbuzi huku najifunza kuandika programu kwenye simu iliyopasuka kioo, na kwamba maneno ya mwisho ya mama yangu yalikuwa, "Mwanangu, usome." Picha niliyoiweka, nikiwa na mbuzi, nilipigwa kwa mjomba Hassani huko Chemba sikukuu ya Idi, na kusema kweli mbuzi wenyewe walikuwa wanasubiri kuchinjwa. Naomba ieleweke kwamba baba sikumuua, sikumtaja tu.

Tovuti ikapendwa mno, mwalimu akaionyesha darasa zima, watu wakaisambaza, na kuna taasisi moja inayolea vijana wa teknolojia ikanipigia simu kuniambia nimo kwenye vijana sita watakaopewa mafunzo ya mwaka mzima, nafasi ambayo wenzangu wanaililia. Hapo hakuna aliyeumia, nadhani unaniunga mkono.

Tatizo lilianzia kwa Sabrina, mwenzangu wa darasa, ambaye mama yake alifariki kweli tulipokuwa mwaka wa kwanza na hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale chuoni, sasa aliposoma ukurasa wangu akanisubiri nje ya maabara akanieleza yote, jinsi mama yake alivyougua, jinsi yeye alivyofika kwao Kondoa wakati watu wameshatoka makaburini, aliongea karibu saa nzima huku analia, na mimi ningefanyaje, nikawa natikisa kichwa, nikamwambia na mimi napitia hayohayo na kwamba muda unaponya. Kuanzia siku hiyo tukawa karibu, na ili asishangae mama akinipigia simu mbele yake nikamwambia huyo ni mama mdogo aliyenilea, ana mashine ya alizeti Kizota.

Mimi sikujua kama Sabrina ana moyo wa namna ile. Ijumaa moja alichukua wenzake wawili, wakabeba sukari, tende na juzuu, wakaenda Kizota bila kuniambia kusudi wanifurahishe, wakaulizia kwa mafundi wa mageti wakaonyeshwa nyumba, na mdogo wangu Yusra, aliyekuwa palepale, ndiye aliyenisimulia. Sabrina alimwamkia mama, akamwambia, "Mama mdogo, sisi tunasoma na Abdulnasiri. Tumekuja kumwombea dua marehemu dada yako aliyemzaa."

Mama yangu hana dada, Shangazi. Yusra anasema mama alibaki amesimama, mikono imejaa mafuta, akawatazama wale mabinti mmoja mmoja, Yusra akataka kusema akakanyagwa mguu, halafu mama akajifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Ahsanteni wanangu, karibuni ndani. Ndiyo, mimi ni mama yake mdogo." Akazima mashine, akatandika mkeka, wakasoma Yasin mpaka mwisho, na walipofika kwenye dua Sabrina akauliza, "Marehemu alikuwa anaitwa nani, tumtaje?"

Mama akajibu, "Mwanahawa."

Wakamwombea, naye akaitikia amina. Walipoondoka akamwambia Yusra afungue hiyo tovuti amsomee kwa Kiswahili, akasikiliza yote bila kukatiza, mwishoni akauliza, "Nilikufa kwa ugonjwa gani?" Yusra akamjibu, "Haijaandikwa, mama." Mama akasema, "Angalau hicho angeandika," akaenda kuwasha mashine.

Mimi nilikwenda nyumbani kesho yake sijui lolote, nikasema shikamoo mama, akaitika marahaba, kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mama yako alishafariki, mimi ni mama mdogo," akanikaribisha sebuleni, akaniletea chakula kwenye sahani za wageni na maji ya kunawa, na nilipomaliza akanishukuru kwa kuja. Ni wiki ya tatu sasa, hagombi, halii, kila nikimwita mama ananikumbusha kwamba mama ni marehemu, na nguo zangu nilizokuwa nafuliwa pale amezikunja akampa Yusra aniletee hosteli.

Shangazi, kiini cha barua yangu ndicho hiki. Taasisi wanakuja na kamera baada ya wiki mbili, wanataka kumhoji mama mdogo, maana na wao niliwaambia ndiye aliyenilea, na kunipiga picha kwenye kaburi la mama. Kaburi nimeshalipata, la bibi mmoja huko Chemba, halina jina. Kilichobaki ni mama tu. Nitumie lugha gani kumshawishi akubali kuwa mama mdogo kwa siku moja tu, mbele ya kamera, kwa kuwa mbele ya Sabrina alikubali mwenyewe bila kulazimishwa? Na je, Sabrina nimwambie, au niache kwanza mambo ya kamera yapite?

Ni mimi kijana mwenye ndoto,
Abdulnasiri, Dodoma

ZIPORA ANAJIBU

Abdulnasiri, marahaba. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, kwa heshima ya mama yako. Kwa heshima yako ningeyaacha.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno "samahani". Halimo. Nimekuta taasisi, kamera, mbuzi wa Idi, nimekuta hata kaburi la bibi wa watu, lakini samahani hakuna. Unaniuliza utumie lugha gani kumshawishi mama yako awe marehemu kwa siku moja zaidi. Mwanangu, lugha hiyo sina, na mwenye nayo usimkaribishe kwako.

Kwanza nikuhurumie kidogo, kisha nitaacha. Najua vijana mnaambiwa mjiuze, na wanunuzi wanapenda maskini mwenye picha nzuri. Hao wanaosafiri na kamera kutafuta kaburi nao wana la kujibu. Na huyo Eliakimu anayepigia miayo mama za watu, mwambie nimemsikia. Basi, huruma imeisha.

Unasema mama alikubali mwenyewe bila kulazimishwa. Hukuelewa ulichosimuliwa? Yule mama alikuwa na neno moja tu la kusema mlangoni, "Mimi ndiye mama yake," na wewe ungekuwa kichekesho cha chuo kizima kabla ya Alasiri. Alikutazama ukining'inia, akakudaka. Akakaa kwenye mkeka wake akaombewa akiwa mzima, akataja jina lake mwenyewe, akaitikia amina, ili wewe usiaibike mbele ya wasichana watatu. Wewe umeona pale kuna mwigizaji wa kukusaidia kwenye filamu.

Na Sabrina. Ulimwambia muda unaponya! Mama yako wakati huo anakamua alizeti, pengine anawaza utakula nini Jumamosi, na wewe umesimama nje ya maabara unampa pole ya kuazima binti aliyechelewa mazishi ya mama yake. Msiba wake ni kitu pekee alichokuwa amekificha, akakutolea wewe, akidhani amepata mwenzake. Kwa hili sina utani.

Sasa nisikilize, na ufanye kwa mpangilio huu.

Leo hii, kabla hujala, ipigie simu taasisi. Usiandike barua, maana ukiandika unapamba. Sema, "Mama yangu yuko hai, nilidanganya," kisha nyamaza usikie watakachosema. Nafasi utaikosa. Ikose.

Ukikata simu, futa ule ukurasa. Usiurekebishe, ufute.

Kesho mtafute Sabrina, umwambie ana kwa ana. Usimwombe akusamehe, maana ukimwomba utakuwa umempa kazi nyingine ya kukuhudumia. Mwambie ukweli, mwache aende zake. Akiacha kuzungumza nawe mpaka mnahitimu, ni haki yake.

Jumamosi nenda Kizota asubuhi, uvae nguo za kazi. Usiende na hotuba, usiende na zawadi, usimshike miguu mbele za wateja. Mwambie samahani, mara moja, kwa Kiswahili, halafu chukua gunia. Akikuita mgeni, itika. Akikuita kijana, itika. Hujui atachoka lini, na wewe huna ruhusa ya kuchoka kabla yake. Na yule bibi wa Chemba mwache alale.

*

Ushauri huo nilimtumia kijana huyu moja kwa moja, kwa kuwa watu wa kamera wasingesubiri gazeti. Juzi ameniandikia tena. Nimepunguza maneno yake mengi, nimeyaacha haya.

"Shangazi, shikamoo. Taasisi niliwapigia siku ileile, dada aliyepokea akasema ahsante kwa kusema kabla hatujasafiri, na nafasi wameshampa mwingine. Sabrina nilimwambia palepale nje ya maabara, hakulia wala hakunitukana, aliniuliza kitu kimoja, 'Siku ile nilipokuwa naongea, wewe ulikuwa unawaza nini?' Ukweli ni kwamba nilikuwa nawaza asije akaniuliza mama aliugua nini, na hilo sikumwambia. Hasemi na mimi hadi leo.

Nyumbani nilisema samahani, mama akajibu, 'Magunia yako nyuma.' Jumamosi mbili nimebeba magunia, nimezoa mashudu yanayobaki kwenye mashine, nimechuja mafuta, wateja wakiuliza huyu ni nani anawaambia ni kijana wa kompyuta anajifunza kazi. Jumamosi ya tatu akaja mteja mmoja na dumu lake analalamika kwamba mafuta ya Jumamosi iliyopita yana machicha, akapaza sauti, na mama naye akapaza juu ya kelele za mashine, 'Usinigombeze mimi, muulize mwanangu huyo, yeye ndiye aliyechuja!' Yusra akanitazama. Mimi nikainama kufunga gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa. Mama hakulirudia lile neno, wala sikumwomba alirudie, lakini mchana nilikula jikoni nao, kwenye sinia moja.

Sasa Shangazi, nimekuwa nikiwaza. Tovuti yangu kwa sasa ina jina na anwani tu, imepwaya sana, na bado mwalimu hajaisahihisha kwa alama. Unaonaje nikiiandika stori hii ya toba yangu, kwa Kiingereza, na picha nikiwa nimebeba gunia? Naona itawagusa wengi."

Hapana, Abdulnasiri. Beba gunia bila picha.